Ukifika kwenye Fyordi, Shuka Melini

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi mama alinigusa bega. "Mwanangu, amka, meli imeingia nchi kavu." Alikuwa ameshavaa, kajitanda kanga juu ya koti zito nililomnunulia Hamburg. Tukapanda hadi sitaha ya juu na nikaona alichokiona: mlima kulia, mlima kushoto, kuta za mwamba mweusi zinazotiririka maji, na katikati yake meli yetu ya ghorofa kumi na nne ikijisogeza taratibu. Upepo hakuna. Maji yametulia kama ya mtungini. Ndiyo ilikuwa Geirangerfjord, huko Norwei, na mama hakuzungumza tena kwa karibu nusu saa, jambo ambalo anayemfahamu atajua lina uzito.

Mama ni mtu wa Tanga. Bahari anayoijua hupwa na kujaa, ina mikoko, na ukitaka kuingia ndani ya nchi unafuata hori kwa mtumbwi mpaka maji yanapokuishia kwenye tope. Nilimwambia fyordi nayo ni hori, ila lilichongwa na barafu. Zama za baridi kali, mito ya barafu iliteremka kutoka milimani ikikwangua mwamba mpaka chini kabisa ya usawa wa bahari, kisha barafu ilipoyeyuka bahari ikaingia kujaza shimo. Sognefjord, iliyo ndefu kuliko zote Norwei, inapenya zaidi ya kilomita 200 ndani ya nchi na kina chake kinafika mita 1,308. La ajabu ni kwamba kule mlangoni, inapokutana na bahari kuu, maji yana kina kidogo sana kuliko ndani, kwa sababu barafu iliacha kizingiti cha mwamba. Kina hicho cha ndani ndicho kinachoiruhusu meli kubwa kama mtaa mzima kwenda kusimama mbele ya kijiji cha wakulima.

Nimeulizwa na wengi, hasa Waswahili wenzangu tunaoishi huku Ulaya na tunaowaleta wazazi kututembelea, kama likizo ya meli kwenye fyordi inafaa. Nasema inafaa, na kwa mzazi mwenye magoti mabovu sijui safari iliyo rahisi kuliko hiyo. Unafungua sanduku mara moja tu. Daktari yumo melini. Kila asubuhi unaamkia mahali papya bila kugombana na ngazi za stesheni. Viza ndiyo ya kuangalia mapema: Norwei haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo mama aliingia kwa viza ileile aliyopewa kuja Ujerumani, na meli ilipoondoka Hamburg hatukuhitaji kingine. Meli zinazoanzia Southampton ni habari nyingine, hapo mzazi mwenye pasi ya Tanzania au Kenya atahitaji viza ya Uingereza na ya Schengen pia. Wapo waliolipa tikiti kwanza wakaja kugundua baadaye.

Kwa Waislamu niongeze hili. Mwezi wa Juni kule Geiranger jua linazama baada ya saa tano usiku, na kabla ya saa kumi alfajiri limekwisha kuchomoza. Giza halisi haliji. Mama, akiwa msafiri, aliunganisha magharibi na isha, na kibla tulikitafuta kwa simu kila wakati maana meli ilikuwa inageuka. Siku ya kwanza ilimsumbua, siku ya pili akazoea. Chakula alikula samaki na mboga, na hakushinda na njaa.

Kwa hiyo sina ugomvi na likizo yenyewe. Kinachoniuma ni namna meli kubwa zinavyowapitisha watu mahali pale.

Tulikuwa tunakaribia maporomoko ya Dada Saba, maji yanaanguka kwa nyuzi nyembamba kutoka juu kabisa, na ng'ambo yake poromoko lingine moja wanaloliita Mchumba, likiwatazama dada hao. Wakati huohuo kipaza sauti kikalia. Nilidhani tutaelezwa tunachokiona. Tukatangaziwa punguzo la saa za mkononi na vidani, dukani ghorofa ya sita, kwa saa mbili tu. Kwa lugha tatu. Mama alikuwa ameinua kidole akionyesha juu ya jabali, mahali palipokuwa na nyumba ndogo za mbao kwenye kipande cha majani kisichozidi uwanja wa shule. "Wale wanapitia wapi?" akaniuliza.

Hilo ndilo swali ambalo kila abiria angestahili kujibiwa. Pale panaitwa Skageflå, kama mita 250 juu ya maji. Watu waliishi pale karne nyingi, wakafuga mbuzi na kuvuna majani kwenye miteremko ambayo mimi nisingethubutu kusimama. Wenyeji husimulia kwamba watoto wadogo walifungwa kamba wasije wakaporomoka, na kwamba mtoza kodi alipoonekana chini, ngazi ilivutwa juu. Upande wa pili, karibu na Dada Saba, kuna Knivsflå, nayo ilihamwa zamani kwa hofu ya mwamba uliokuwa ukining'inia juu ya nyumba. Mwaka 1993 Mfalme Harald na Malkia Sonja waliadhimisha miaka 25 ya ndoa yao palepale Skageflå. Mfalme wa nchi alipachagua mahali pale kwa siku kubwa kama hiyo, na kwenye meli yetu pakapitwa na tangazo la saa.

Tena kabla ya kuingia Geiranger meli hupita chini ya mlima Åkerneset. Mlima ule una ufa, na unafunguka kila mwaka. Umefungwa vipimo mchana na usiku, kwa sababu ukianguka majini, wimbi litafika vijiji vya Hellesylt na Geiranger kwa dakika chache. Wanajua wanachokiogopa. Aprili 1934, kwenye Tafjord iliyo jirani, kipande cha mlima kilianguka majini usiku, na mawimbi yakaua watu 40. Watu wanaotuuzia kahawa pale gatini wanaishi na habari hiyo. Mgeni akiijua hutembea tofauti.

Kijiji cha Geiranger kina wakazi kama 250. Meli yetu peke yake ilibeba zaidi ya elfu tatu, na siku ile kulikuwa na meli nyingine mbili. Fanya hesabu mwenyewe. Tulipewa saa tano ardhini. Niliwaona abiria wenzetu wakishuka, wakipiga picha, wakinunua sumaku ya kubandika kwenye friji, na adhuhuri wakarudi melini kula, kwa kuwa chakula kilikwisha kulipiwa. Siwalaumu. Kampuni, ambayo sitaitaja, imeipanga biashara hivyo: kitanda melini, sahani melini, duka melini. Sisi tuna msemo wetu, mgeni njoo mwenyeji apone. Nilisimama kwenye foleni ya choo cha kijiji, watu zaidi ya arobaini mbele yangu, nikajiuliza mwenyeji wa hapa anaponea wapi.

Halafu kuna moshi. Bonde ni jembamba, kuta ni ndefu, na siku isiyo na upepo moshi hauna pa kwenda. Tulipopanda basi la barabara ya Ørnevegen yenye kona kumi na moja na kutazama chini, niliona utando wa rangi ya buluu chafu umekaa katikati ya mlima, umenyooka kama shuka iliyotandazwa. Mahali hapa na fyordi nyingine, Nærøyfjord, pameorodheshwa kuwa urithi wa dunia tangu 2005. Mwaka 2018 Bunge la Norwei liliazimia kwamba kufikia 2026 meli za watalii na vivuko viingie kwenye fyordi hizi za urithi bila kutoa moshi. Niliposoma habari hiyo nilifurahi kweli. Lakini ilipofika wakati wa kutekeleza, sharti lililoanza Januari 2026 ni la meli za chini ya tani 10,000. Kubwa zimeongezewa muda hadi 2032.

Nimejaribu kuielewa sababu yao, kwamba teknolojia ya meli kubwa haijakomaa. Sikubaliani nayo. Anayechafua zaidi ndiye aliyeongezewa muda, na mwenye boti ndogo ya kijijini ndiye aliyeambiwa ajitengeneze sasa. Kama meli kubwa haiwezi kuingia safi, basi itie nanga nje, na abiria waingizwe na boti za umeme. Boti hizo zipo. Nimezipanda.

Ilikuwa siku ya pili yake, kwenye bandari ya Flåm. Hapo niliamua kutofuata ziara za melini. Asubuhi tulichukua basi kwenda Undredal, kijiji cha watu wasiofika mia moja na mbuzi mia kadhaa, ambacho barabara ilikifikia mwaka 1988 tu. Kabla ya hapo ni boti. Kuna kanisa dogo la mbao la karne ya 12, lina nafasi ya watu kama arobaini, na kuna jibini ya mbuzi. Mwanamke mmoja wa makamo alituonyesha jinsi wanavyoipika ile ya kahawia. Maji ya maziwa yanayobaki baada ya kugandisha jibini nyeupe huwekwa motoni na kuchemshwa kwa saa nyingi, yanakorogwa bila kuachwa, mpaka sukari ya maziwa inaiva na kugeuka rangi. Mama aliinama juu ya sufuria. Akatazama mwiko, akatazama mkono wa yule mwanamke. "Hii ni kazi ya halua," akasema. Nikatafsiri. Nikaeleza halua ni nini, na kwamba nyumbani kwetu Tanga bibi yangu aliikoroga kwa sikukuu mpaka bega likavimba. Yule mwanamke akacheka, akakunja mkono wa shati, akamwonyesha mama bega lake mwenyewe.

Tulionja. Tamu, ina chumvi kwa mbali, kama maziwa yaliyopikwa na sukari guru yakashika chini ya sufuria. Mama alinunua vipande vitatu. Jumla ya fedha tulizoacha Undredal zilikuwa ndogo, lakini zilikwenda mkononi mwa aliyekoroga.

Mchana tukapanda Future of the Fjords kutoka Flåm hadi Gudvangen. Ni meli ya abiria 400, ilianza kazi 2018, inakwenda kwa betri tupu. Inapita Nærøyfjord, ambayo mahali pembamba kabisa ina upana wa mita 250 tu, na milima juu yake inapanda zaidi ya mita 1,000. Naomba ulipie nauli hiyo hata kama umebana matumizi kwingine kote. Haina mngurumo. Nilisikia maji ya poromoko kabla sijaliona, nikasikia kengele za mbuzi ufukweni. Mama akauliza umeme unatoka wapi. Nikamwonyesha maporomoko, maana karibu umeme wote wa nchi hii unatokana na nguvu za maji. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Si ndio hawa waliotuvutia waya Pemba?" Ndio hao. Kebo ya chini ya bahari iliyofikisha umeme wa gridi Pemba mwaka 2010 ikitokea upande wa Tanga ililipiwa kwa sehemu kubwa na Norwei. Dada zake mama wako Wete, wanakumbuka vizuri miaka ya majenereta.

Mimi sirudi na meli ya ghorofa kumi na nne. Iko meli ya pwani, Hurtigruten, iliyoanza safari 1893 kutoka Trondheim kwenda upande wa kaskazini, na sasa inakwenda kutoka Bergen hadi Kirkenes, bandari 34, siku 12 kwenda na kurudi. Inabeba mizigo na watu wa vijijini pamoja na watalii, na unaweza kukata kipande kimoja tu cha njia. Na kwa asiyeweza kulipa hiyo, kuna treni hadi Bergen, mabasi, na vivuko vya kawaida vinavyovuka fyordi kutwa.

Kama umeshalipia meli kubwa, nenda, usiipoteze fedha yako. Ila amka mapema, simama sitahani, usiende dukani wakati wa kupita. Soma majina ya mashamba kabla hujafika. Bandarini kula nje, hata supu moja. Lala Bergen usiku mmoja kabla au baada, mji ambao umeweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli za kitalii kwa siku na ambao mvua yake haina msimu.

Vipande viwili vya jibini vilifika Tanga. Kimoja mama alikigawa mtaani, vikonzi vidogo kwa chai, akieleza kila nyumba habari ya lile bega. Cha tatu kiko kwenye friji yangu hapa Hamburg. Ameniagiza nisikimalize, atakapopata viza tena tutakwenda nacho Undredal, apate la kuanzia mazungumzo.