Kabla ya kununua laptopu mpya, badilisha diski

Wengi wanaolalamika kwamba laptopu zao zimezeeka, kilichowachosha hasa ni diski. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zina prosesa ya Core i5 ya miaka ya nyuma, ambayo bado inamudu kuandika, hesabu za Excel, intaneti na mikutano ya Zoom. Tatizo ni pale ndani yake mnapokuwa bado na diski ya kuzunguka. Mashine ikiganda, fungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kinachofanya kazi ndani ya mashine, uangalie: mara nyingi prosesa imepumzika, huku diski imekwama kwenye asilimia 100. Hapo kuongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) pekee hakutakufikisha mbali. Weka SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka.

Diski ya kawaida ya laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa chake husogea huku na huko juu ya sahani, kama sindano ya santuri, kikitafuta data. Kila utafutaji hula milisekunde 10 au zaidi. Windows inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na milisekunde hizo zikijumlishwa ndipo unapata muda wa kuchemsha chai. SSD haina kitu kinachozunguka. Data imo kwenye chipu za flashi, na kuifikia huchukua sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Ndiyo maana matangazo ya SSD za megabaiti 7,000 kwa sekunde hayanibabaishi. Laptopu ya zamani inayotumia SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski, haivuki megabaiti 550 hivi kwa sekunde, na bado utahisi umebadilishiwa mashine nzima, kwa sababu muda mwingi ulikuwa unapotea kwenye kutafuta. Tena anayepanda bodaboda na laptopu iliyosahauliwa ikiwa imewashwa ndani ya begi hana tena kichwa cha diski cha kuhofia kwamba kitakwaruza sahani.

Bei nayo imekuja mbali. Mwaka 2008 Intel ilitoa SSD yake ya X25-M ya GB 80 kwa dola 595. Kufikia katikati ya 2023, SSD ya TB 1 ilikuwa inapatikana Marekani kwa chini ya dola 50. Viwanda vilijifunza kupanga seli za kumbukumbu kwa tabaka juu ya tabaka, na kuhifadhi biti tatu, hata nne, ndani ya seli moja. Lakini bei hii haiteremki tu. Mwishoni mwa 2025 ilianza kupanda tena, vituo vya data vya akili unde vikigombania chipu hizohizo. Kwa hiyo simshauri mtu akae akisubiri ishuke zaidi. GB 256 zinamtosha mwanafunzi au karani, na hata bei ikipanda, gharama yake bado ni ndogo mno ukilinganisha na laptopu mpya.

Linaloniuma zaidi ni maabara za shule. Kipindi kina dakika 40. Kompyuta zenye diski za zamani zikianza kuwaka, zikifungua Word, zikiganda, mwanafunzi anatoka bila kufanya zoezi, na mwalimu analaumiwa. Bodi ya shule yenye fedha za kununua kompyuta chache mpya ingewasaidia watoto wengi zaidi kama ingezitia SSD zile zilizopo. Na wanaokusanya kompyuta za msaada wafanye kazi hiyo kabla hawajazikabidhi.

Jihadhari na kitu kimoja sokoni: SSD za nje za "TB 16" kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochezewa ili idanganye ukubwa wake. Ukishaijaza, faili mpya zinaharibu za zamani. Programu za bure kama H2testw na F3 huugundua ulaghai huo, nawe uzitumie kabla hujaweka picha hata moja.

Diski uliyoitoa, kama bado nzima, itie kwenye kava la USB iwe ya nakala. Hiyo si kazi ya kuipa SSD: ikikaa kabatini miaka bila umeme inaweza kupoteza data, na inapokufa mara nyingi hufa ghafla, bila ile milio ambayo diski za kuzunguka hutoa zikikaribia mwisho.