Sindano ya presha ya miezi sita si anasa ya Masaki

Ukiwatajia watu wa afya Dar es Salaam dawa za siRNA, kundi la dawa za sindano ambamo imo na hii ya presha, utapata majibu mawili. La kwanza: hizo ni za matajiri, sisi hata amlodipine, kidonge cha kawaida cha presha, haitutoshi. La pili husemwa kwa sauti ya chini: si ndizo hizo zinazochezea jeni za mtu? La kwanza lina uzito na nitalirudia. La pili ni woga mtupu, na halihitaji zaidi ya aya moja.

DNA imo ndani ya kiini cha seli, na siRNA haiigusi. Ni kipande kifupi cha RNA yenye nyuzi mbili, kila uzi una nyukleotidi (herufi za RNA) 21 hivi, kinachofanya kazi nje ya kiini. Huko huiongoza protini iitwayo Argonaute 2 hadi kwenye RNA ya ujumbe, nakala ya maagizo ya jeni, inayolingana nacho, na ujumbe hukatwa kabla protini haijatengenezwa. Barua imechanwa mikononi mwa tarishi. Faili limebaki kabatini. Dawa ikiisha ndani ya seli, jeni huendelea na kazi yake. Andrew Fire na Craig Mello waliueleza mfumo huu kwa minyoo mwaka 1998, wakapata Nobel 2006, lakini dawa ya kwanza, patisiran, iliidhinishwa Marekani Agosti 2018. Katikati hapo kampuni kubwa, Roche ikiwemo, zilikata tamaa na kujitoa, maana kipande hicho kilikuwa hakifiki kinakotakiwa. Njia ya kukifikisha bila kuhitaji dripu ilipatikana kwa kukifunga kwenye sukari iitwayo GalNAc, ambayo seli za ini huivuta ndani.

Na ini ndilo linalotengeneza angiotensinojeni, protini ambamo mnyororo mzima wa kupandisha presha huanzia. Zilebesiran, sindano ya miezi sita ambayo bado iko kwenye majaribio, huukata ujumbe wa jeni ya protini hiyo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo Dar inapohusika kuliko miji tajiri kama Boston.

Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne Tanzania ana presha ya juu. Vidonge vipo, na vingi ni vya bei nafuu. Shida ni kuvimeza kila siku kwa miaka 30, kwa ugonjwa usiouma. Dereva wa bodaboda wa Mbagala akijisikia vizuri wiki mbili, anaacha. Mama ntilie akipiga hesabu ya nauli na siku nzima ya foleni kliniki, anaahirisha. Wengine hawaanzi kabisa kwa sababu wameambiwa dawa ya presha ukiianza huachi. Muhimbili na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hupokea matokeo: kiharusi, moyo uliochoka, figo zilizokufa.

Sasa tazama namba. Katika jaribio la awamu ya pili lenye watu 394, zilebesiran ilishusha presha (ile namba ya juu ya kipimo) kwa milimita 14 hadi 17 za zebaki miezi mitatu baada ya sindano, ikilinganishwa na sindano isiyo na dawa. Mtu wa 160 bado angebaki juu ya 140, kwa hiyo wanaosema si muujiza wana haki. Lakini uchambuzi mkubwa wa 2016 ulionyesha kwamba kila milimita 10 zinazopungua hupunguza kiharusi kwa asilimia 27 hivi. Kuna jambo jingine ambalo jedwali la majaribio halilionyeshi. Kidonge hulinganishwa na sindano kana kwamba kimemezwa, ilhali kidonge kilichobaki kwenye droo kimeshusha sifuri. Sindano haina droo. Namba hizo 14 hadi 17 zilipimwa kwa saa 24, mchana na usiku, bila mtu kukumbushwa chochote. Tukilinganisha dawa na maisha yalivyo Temeke, badala ya mgonjwa mtiifu wa kwenye karatasi, ulinganisho unageuka na kuipendelea sindano.

Hata hivyo, kudumu huko huko ndiko kunakonitia wasiwasi. Mgonjwa wa losartan, kidonge kingine cha presha, akipata kipindupindu na kuishiwa maji mwilini, daktari humwambia aache vidonge siku kadhaa. Aliyechomwa sindano mwezi uliopita ataacha nini? Zito zaidi ni ujauzito. Dawa zinazozuia mnyororo huo huo, losartan na enalapril zikiwemo, hukatazwa kwa wajawazito kwa sababu huharibu figo za mtoto tumboni. Mwanamke wa miaka 34 aliyegundua leo kuwa ni mjamzito anaweza kutupa vidonge, ila sindano hawezi kuitoa. Halafu kuna chumvi: jaribio la awali lilionyesha kuwa mlo wenye chumvi nyingi hupunguza nguvu ya dawa hii. Wapenzi wa ng'onda mmesikia.

Bei ni kweli inatisha. Inclisiran, siRNA ya kolesteroli mbaya (LDL) inayoishusha kwa takriban nusu, ilitangazwa Marekani kwa dola 3,250 kwa dozi, karibu shilingi milioni 8. Hakuna bima ya afya kwa wote itakayobeba hilo. Lakini ARV mwaka 2000 zilizidi dola 10,000 kwa mtu kwa mwaka. 2001 Cipla, kampuni ya dawa ya India, ilizitoa kwa dola 350. Lenacapavir, sindano ya miezi sita ya kuzuia VVU, imeahidiwa kwa dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Na dawa yenyewe ni kidogo: miligramu 300 mara mbili kwa mwaka ni miligramu 600, wakati amlodipine ya miligramu 10 kila siku ni 3,650. Kutengeneza siRNA ni kazi ngumu zaidi, nyukleotidi moja baada ya nyingine, sikatai. Lakini nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwemo, zimesamehewa kulinda hataza (haki za wavumbuzi) za dawa hadi Januari 2033, na inclisiran haihitaji hata friji.

Kwa hiyo nisingesubiri bei ishuke ndipo tuanze kuuliza. Ningetaka Watanzania wawemo kwenye majaribio sasa, wanawake walio katika umri wa kuzaa wafuatiliwe kwa makini, na mwongozo wa kliniki utaje wazi kipimo cha mimba kabla ya kila dozi na uzazi wa mpango kwa miezi yote ambayo dawa ingali kazini. Kwa mwanamume wa miaka 58 wa Mbagala ambaye ameshaacha vidonge mara tatu, sioni hoja ya kumnyima.