Tumbo Lisilo na Kidonda na Bahasha za Kemisti

Juzi jirani yangu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, alimwaga dawa zake mezani, zile bahasha ndogo za kaki zilizoandikwa "1×3" kwa biro. Metformini ya sukari, diklofenaki ya magoti, omeprazoli ya kiungulia. Tangu mwaka juzi tumbo linajaa gesi, linauma, linaharisha. Ameingizwa kamera, kidonda hakikuonekana. Akaambiwa utumbo wake ni mzima, ila haufanyi kazi sawasawa.

Ugonjwa wa namna hiyo upo kweli: mawasiliano ya utumbo na ubongo yanavurugika bila jeraha lolote. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyezihesabu zile bahasha. Metformini huharisha wengi, hasa mwanzoni. Diklofenaki huchoma tumbo hata pasipo kidonda. Na omeprazoli hushika watu kwa njia wasiyoitambua. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walichukua watu 120 wenye afya, wengine wakapewa dawa ya jamii hiyo kwa wiki 8, wengine kidonge kisicho na dawa. Wiki chache baada ya kuachishwa, asilimia 44 ya waliomeza dawa walipata kiungulia au asidi, dhidi ya 15 upande wa pili. Hawa hawakuwa wagonjwa! Sasa mtu wa Umoja akiacha siku tatu moto ukirudi, ataamini alsa, yaani vidonda vya tumbo, zimerudi, na kemisti hapo chini hafungi mapema.

Hata hivyo siwezi kuzitwika dawa mzigo wote. Kukuta wenye matumbo haya wanameza vidonge vingi hakuonyeshi kipi kilitangulia. Mara nyingi mtu hupewa metronidazoli "ya amiba" kwa sababu ameshaanza kuhara. Tena amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona inayojulikana kwa kufunga choo, ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa 463 wa utumbo wa aina hii, matokeo yakatoka 2023: kwa dozi ndogo iliwapa nafuu kuliko kidonge kisicho na dawa.

Kwa hiyo nilimsihi asiache metformini kwa hasira, maana sukari ikipanda ni hatari kubwa zaidi. Abebe bahasha zote kliniki, aulize kama ipo metformini inayoyeyuka polepole, na kama magoti yanaweza kutulizwa kwa dawa nyingine. Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati.

Nikamuuliza kila dawa aliianza lini. Akafikiri kidogo. Metformini ilikuwa Pasaka, akasema, na kuhara kulianza kabla ya sikukuu ya Madaraka, Juni mosi. Omeprazoli ilikuja baadaye. Nikaziandika tarehe hizo juu ya bahasha, kwa biro ile ile.