Mjomba, bomba na matikiti yaliyopinda

Juzi mjomba kanipigia simu kutoka shambani kwake Mwakirunge, Mombasa: "Njoo uone matikiti yako." Yangu, kwa sababu pesa ya mbegu nilitoa mimi. Nikakuta matunda yamevimba kitako, juu yamesinyaa kama shingo ya kibuyu. Majani yenyewe mabichi, yanang'aa. Nami nikalitazama bomba la dawa lililotundikwa kwenye mwembe.

Tukachuchumaa kwenye tuta. Ua jike la tikiti hulijua kwa kile kitikiti cha nyuma yake, kadiri ya gololi, kimeota malaika. Ua dume halina. Chavua yake inanata, upepo hauibebi. Nyuki ndiye anayeifikisha, tena si kwa safari moja. Na ua hilo hufunguka asubuhi, alasiri limeshajifunga, halifunguki tena. Likipata chavua haba, mbegu za upande mmoja hazitungi, na tunda hupinda huko huko. Ukipenda boga, penda na ua lake: sisi tumeufanya msemo wa mapenzi, kumbe ni kilimo kitupu.

Mjomba alikuwa akipiga dawa saa ngapi? Saa mbili asubuhi. Dukani walimwambia apige "kungali na ubaridi". Nikasoma kibandiko: imidacloprid, dawa ya kuua wadudu. Umoja wa Ulaya ulikataza isitumike mashamba ya wazi mwaka 2018, kwa ajili ya nyuki. Dawa hii hunywewa na mmea, ikapanda mpaka kwenye chavua na maji matamu ya ua, kwa hiyo wakati wa maua hata ukiipiga usiku hujasaidia kitu. Nyuki akionja kidogo huenda asife pale pale, ila njia ya kurudi mzingani humpotea.

"Basi niwatazame tu vidukari wakininyonyea shamba?" akauliza mjomba. Swali la haki, na simlaumu. Ninaowalaumu ni wale waliopokea pesa yake bila kumuuliza analima nini wala kama mimea imeshatoa maua. Ikibidi kupiga maua yakiwapo, mafuta ya mwarobaini, na iwe jioni nyuki wamesharudi kwao. Mwarobaini wenyewe tunao uani.

(Maembe ni habari nyingine. Huko wafanyakazi wakubwa ni nzi, na Mwakirunge, pamoja na jaa lake, kwa nzi hatujapungukiwa. Pasheni nayo huwataka wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao za paa, wale tunaowafukuza kwa ufagio.)

Na huku mjini nako, kundi la nyuki likitua kwenye dari Kisauni, mtu wa kwanza kufika ana kidumu cha mafuta ya taa. Warinaji wapo, wakiitwa jioni hulihamisha kundi zima na asali yake. Hatuwaiti.

Mjomba amekubali mizinga miwili msimu ujao, pembeni karibu na minazi. Nyuki wetu wa Pwani wakali, na anayeogopa kuumwa si yeye, ni mimi.