Mdogo wangu, usizibe nyumba halafu ukanunue hewa

Juzi jua lilitoka Amsterdam. Aliyekaa Uholanzi mwezi wa pili anajua maana yake: wiki nzima nzima za mawingu, halafu ghafla mwanga unaingia ofisini mpaka juu ya meza. Nikaweka kalamu chini, nikaligeuzia dirisha uso. Dakika mbili hazikuisha, pazia likajishusha lenyewe, taratibu, hadi chini. Jengo limeona jua, limeamua linanisumbua. Nikatafuta swichi, hakuna. Nikataka basi nifungue dirisha nipate hewa, halifunguki. Nikarudi kwenye mwanga wa taa, nimekasirika kweli.

Jioni nikakuta kwenye simu picha za mdogo wangu, anajenga Ipuli, kwetu Tabora. Boma limefika usawa wa lenta. Sebule inatazama magharibi, na upande huo wote ameacha uwazi wa kioo, kuanzia sakafuni. Paa la kujificha, dari la jipsamu, tundu la hewa hata moja hakuna. Viyoyozi vitatu. Taa zitajiwasha mtu akiingia, geti litafunguka kwa simu. Akaandika: "Kaka, hii ndiyo nyumba janja, ya kijani kabisa."

Hapo ndipo nilipoumia, maana hayo ni mambo mawili. Jengo la kijani linaulizwa limekula nini: umeme, maji, saruji, miti, na waliomo ndani wanapumuaje. Waingereza walianza kuyapima hivyo kwa mfumo wa BREEAM mwaka 1990, Wamarekani wakaja na wao, LEED. Jengo janja ni lile lenye vihisi, yaani vifaa vinavyotambua mwanga, joto au mtu, na kompyuta za kuendesha taa, hewa na milango. Linaweza kupunguza matumizi, na linaweza kuyaongeza, kwa sababu vifaa vyenyewe vinakula umeme hata watu wakiwa wamelala. Na tofali za lile boma ni za kuchoma. Magogo ya miombo yameishia kwenye tanuru. Kijani kiko wapi?

Najua mtakavyosema. Huyu kavuka maji juzi, yeye anafanya kazi kwenye vioo, sisi anatutaka turudi kwenye tembe. Sivyo. Nimekulia nyumba ya babu, kule Isevya, Tabora hiyohiyo, mchwa wake nawajua, na kukandika ukuta kila baada ya mvua nimekandika kwa mikono hii. Lakini kuta zile zilikuwa nene, mtu kupima kwa kiwiko mpaka ncha ya vidole. Baraza ilizunguka pande mbili, mwembe umeegemea upande wa magharibi. Mwezi wa kumi, mvua haijaja, bati za majirani zinalia kwa joto, babu alikuwa anajilaza mchana kwenye mkeka na kusinzia. Bila feni. Nani alitudanganya kwamba baraza ni ushamba?

Na hao tunaowaiga hawafanyi tunachodhani. Hapa Amsterdam kuna jengo linaitwa The Edge, lilikamilika 2014, lina vihisi kama 28,000, na kwenye BREEAM lilipata asilimia 98.36. Mtu akilitaja, anataja vihisi. Mimi nililizunguka kwa miguu kulitazama. Upande wa kusini, unaopigwa na jua la huku, wameweka ukuta mzito, madirisha ya kiasi na paneli za sola. Kioo kikubwa wamekipeleka kaskazini. Mchoro ulimalizana na jua kwanza, kompyuta ikafuata. Na Harare, Zimbabwe, Afrika hiihii, msanifu majengo Mick Pearce alisimamisha jengo la Eastgate mwaka 1996: zege linapozwa na hewa ya usiku, mchana linawapoza watu, bila mitambo ya viyoyozi iliyozoeleka.

Tabora iko kama nyuzi tano tu kusini mwa ikweta. Saa sita jua liko utosini, linaishia kwenye paa. Linaloingia ndani ni la asubuhi mashariki na la alasiri magharibi. Basi nyumba ilale mashariki–magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini, paa litoke nje ya ukuta. Kwa hilo huhitaji hata senti ya umeme wa LUKU.

Mtasema mbu, mtasema vumbi, mtasema wezi. Nyavu zipo, nondo zipo. Mtasema pesa ni zake, ajenge apendavyo. Ni zake, sikatai, na taa zijiwashe kama zinampendeza. Lakini umeme ukikatika saa tisa alasiri mwezi wa kumi, kile kioo kitampika yeye, mkewe na mtoto wa miezi minne.

Mdogo wangu, lenta bado hazijamwagwa. Mwambie fundi aujaze tofali huo uwazi wa magharibi, abakize dirisha moja dogo, na aache matundu juu ya kila mlango. Tofali zitakazopungua na siku za fundi, nitalipa mimi mwisho wa mwezi.