Kitabu Kilipita, Filamu Ikazuiwa

Mwaka 2013 wasanii wa Nairobi wanaojiita The Nest Collective walianza kukusanya masimulizi ya Wakenya wanaopenda watu wa jinsia yao, bila kuwataja majina. Masimulizi hayo yalizaa kazi mbili zenye jina moja, Stories of Our Lives: filamu ya 2014 iliyoongozwa na Jim Chuchu, yenye visa vitano vya picha nyeusi na nyeupe, na kitabu cha 2015. Filamu ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, Septemba 2014. Mwezi uliofuata Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya ikaipiga marufuku nyumbani. Kitabu kikachapishwa.

Chanzo cha tofauti hii ni utaratibu wa sheria. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, mtengenezaji huomba leseni ya kurekodi, kisha filamu iliyokamilika hupelekwa kwa bodi kabla ya kuoneshwa hadharani. Mwandishi wa kitabu haombi ruhusa ya mtu kabla ya kwenda kwa mpiga chapa.

Wanaoitetea bodi wana hoja ya kusikilizwa. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumika dhidi ya ngono ya jinsia moja, kinatoa kifungo cha hadi miaka 14, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Taasisi ya serikali itatiaje muhuri jambo ambalo serikali yenyewe inaliita jinai? Wanaongeza kuwa sinema humfikia hata mtoto asiyeitafuta, ilhali kitabu hutafutwa na anayekitaka.

Hoja ya watoto ina jibu jepesi: daraja la 18, la watu wazima tu, lipo kwa kazi hiyo. Ile ya jinai ni nzito zaidi, ila inayumba ukikumbuka kwamba filamu za wizi na mauaji huainishwa kila siku bila mtu kudai bodi imebariki wizi. Kifungu cha 33 cha Katiba nacho kinalinda ubunifu wa kisanii, na mipaka kinayoitaja ni kama propaganda ya vita na uchochezi wa ghasia, mapenzi hayamo.

Kesi ya Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, ambao baba zao wanagombea kiti kimoja, ndiyo iliyoanika mambo. Bodi iliizuia Aprili 2018, majuma machache kabla haijaoneshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa kubadilisha mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Hapo ndipo utetezi wa bodi unaponilegea: kama kosa ni kuonesha mapenzi hayo, majuto ya wahusika dakika za mwisho yangelifutaje? Septemba mwaka huo jaji alisimamisha marufuku kwa siku saba, kwa watu wazima tu, ili filamu itimize sharti la Oscar la kuoneshwa nyumbani. Kumbi zilijaa. Kenya hata hivyo ilipeleka Oscar filamu nyingine, Supa Modo, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaipa bodi ushindi.

Anayetaka kuielewa Rafiki aanze na hadithi fupi iliyoizaa, Jambula Tree ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyopata Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2007. Ni barua ya Anyango kwa Sanyu, na mandhari yake ni Kampala. Filamu ilihamia Nairobi na kuleta siasa za uchaguzi. Barua, yaani sauti ya mmoja akimkumbuka mwenzake, ikapotea. Zote mbili ni hadithi za kubuni. Anayetafuta ushahidi wa maisha halisi atafaidika zaidi na kile kitabu cha masimulizi.

Lakini karatasi huficha sura, na kamera huifichua. I Am Samuel, filamu ya hali halisi ya Peter Murimi iliyopigwa marufuku Septemba 2021, inamfuata mwanamume anayempenda mwanamume mwenzake hadi kwa wazazi wake kijijini, na mtazamaji humwona baba akihangaika kumkubali mwanawe. Maandishi hayalifikishi jambo hilo kwa nguvu hiyo, ila gharama yake huangukia mhusika: akishaonekana, hawezi tena kujificha nyuma ya jina la kupanga.