Hizo dakika 4 za tabata mnazosifia, mmewahi kuzifanya kweli?

Kila nikifungua simu nakutana na jamaa ana tumbo la ngazi ananiambia achana na jogingi unapoteza muda, piga tabata dakika 4 tu kwa siku kitambi kwisha habari yake. Na mimi nikaingia mkenge mzima mzima. Nikaacha kukimbia na klabu ya mtaani kwetu Temeke nikawa najifungia uani na simu, sekunde 20 naruka kama chura, sekunde 10 nahema, raundi 8. Wiki ya pili msuli wa nyuma ya paja ukaniachia, ngazi za ofisini nikawa napanda nimeshikilia ukuta.

Nipo kitandani na bandeji ndo nikaanza kuchimba hii kitu imetoka wapi. Kumbe Tabata ni jina la mtu, Izumi Tabata, mtafiti wa Kijapani, utafiti wake ulitoka 1996. Walikuwa vijana wanamichezo wa chuo, siyo mie wa miaka 41 ninayeshinda kwenye kiti. Kundi moja lilipiga baiskeli dakika 60 mwendo wa kawaida, siku 5 kwa wiki, wiki 6, lingine likapiga hizo 20 kwa 10. Uwezo wa kutumia oksijeni (mililita kwa kila kilo ya mwili kwa dakika) kwa wale wa taratibu ulitoka 53 ukafika 58, wa spidi 48 ukafika 55, halafu ile nguvu ya kukaza bila kutegemea oksijeni ikapanda asilimia 28 kwa wa spidi, wenzao patupu. Hapo sibishi, intavali, yaani kukaza kidogo kisha kupumzika kwa zamu, inafanya kazi.

Ila kuna vitu jamaa wa tumbo la ngazi havisemi. Wale vijana walikuwa wanakanyaga baiskeli iliyokazwa mpaka asilimia 170 ya kiwango kinachofikisha oksijeni yao kileleni, yaani ikifika raundi ya 7 au ya 8 mtu miguu imegoma kabisa hata umtukanie ukoo. Kabla ya hapo walipasha dakika 10. Na siku moja kwa wiki walianza na dakika 30 za taratibu, taratibu hii hii tunayoambiwa haina maana! Sasa mimi naruka chura uani huku nawaza mboga, ile haikuwa tabata ile ilikuwa kelele kwa mpangaji mwenzangu.

Mi naona mchakamchaka wetu tunaudharau bure tu kwa sababu hauna jina la kigeni. Kwenye klabu mmoja anatoa wimbo wengine mnaitikia, na kuitikia kwenyewe ndo kipimo, ukiweza kuitikia bila kukatika (kuitikia, siyo kuimba taarabu nzima) mwendo wako uko sawa, ukiona sauti imekwama punguza. Hauhitaji saa ya laki tatu. Mwendo huo unaenda nao saa nzima, kesho una hamu ya kurudi, na ndo hapo moyo unazoea kusukuma damu nyingi kwa pigo moja. Hata Kipchoge, mtu wa marathoni ya 2:01:09 pale Berlin 2022, kule kambini Kaptagat, Kenya, spidi zake zilikuwa na siku zake, kilomita nyingi za wiki zilikuwa za mwendo wa pole.

Kwa hiyo siku hizi Jumanne peke yake ndo nakaza, ile staili ya Wanorwei wa Trondheim, dakika 4 ngumu, 3 za kujivuta, mara nne. Hii angalau unaweza kuipima, ukimaliza ya kwanza unajiona shujaa basi ujue ya tatu utalia. Mwenye presha aongee na daktari kwanza, asinisikilize mimi.

Siku zilizobaki niko na klabu. Niliporudi walinizomea kuanzia kona ya kwanza mpaka uwanjani, wakanipiga faini ya katoni mbili za maji kwa utoro, nikalipa.